Hitilafu Haina Mshitakiwa

Sikilizeni, wanangu, mnisikilize nyote wawili mkiwa ndani ya chumba hiki, wewe binti yangu uliyekaa ukingoni mwa kitanda, na wewe kitinda mimba wangu uliyesimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Ingia, mwanangu, uketi, kwa maana pumzi iliyonibakia ni kidogo na sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti.

Nianze na mali. Nyumba hii ni yenu nyote. Yule fundi niliyemsikia juzi akipima ukumbi, mwambieni asirudi, kwa sababu sitoi ruhusa ya ukuta kupita katikati ya nyumba ambayo mimi na baba yenu tuliihamia ikiwa haina hata dirisha. Vyombo na samani mtagawana wenyewe. Humo hamna cha kugombewa.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Tangu tumzike baba yenu, watu wakiuliza kwa nini mmoja huja kuniona mwingine akishaondoka, kila mmoja wenu hujibu vile vile: "Tuna hitilafu kidogo." Neno hilo mimi na baba yenu tulilifanyia kazi maisha yetu yote katika kiwanda cha uchapaji, na mnavyolitumia linaniuma kuliko tusi.

Kazi yetu ilikuwa ya watu wawili. Kabla kitabu hakijachapwa, mmoja alisoma mswada kwa sauti, neno kwa neno, na mwingine akaufuata kwa kidole kwenye karatasi ya majaribio. Sikio likisikia hili na jicho likaona lile, aliyegundua alisema, "Hitilafu," akanyamaza. Hakusema "umekosea", kwa kuwa wakati huo hakuna aliyejua kosa ni la nani: pengine la msomaji, pengine la mpanga herufi, pengine la mwandishi mwenyewe. Sote wawili tuliweka vidole pale pale, na ilikuwa mwiko kuinuka kitini kabla hatujaelewana. Baba yenu, ambaye kwa ubishi wake walimwita Bwana Nukta, aliwahi kunizuia kwenye mstari mmoja hadi wenzetu wakatoka kula na kurudi, msimamizi akauliza kama tumekwisha kufunga ndoa hapo mezani, naye, bila kuinua macho, akajibu, "Bado. Mwenzangu naye mbishi." Hivyo ndivyo nilivyoposwa.

Basi eleweni: hitilafu ni ya watu walioketi pamoja, wanaotazama kitu kimoja na kukitakia mema, na bado hawajui nani yuko sahihi. Haina mshitakiwa. Mkishaviacha viti, jambo lenu lina majina mengine, ambayo sitaki yawe ya mwisho kinywani mwangu.

Wewe binti ulitaka baba yenu apasuliwe, kwa kuwa ndiwe uliyemuuguza na kumsikia akilia kwa maumivu. Wewe mdogo ulikataa, kwa kuwa daktari alikwambia moyo wake ni dhaifu. Mpaka hapo ilikuwa hitilafu, tena ya haki. Alipofia chumba cha upasuaji, ukamwambia dada yako mbele ya waombolezaji, "Umemuua baba." Naye akakujibu, "Wewe hata kumgeuza kitandani hukuwahi." Nilikuwa nimekaa katikati yenu, na siku hiyo nilizika watu watatu.

Lakini kinachonivunja moyo si kwamba mnagombana; ni kwamba hamthubutu kugombana tena. Jana daktari aliposhauri nirudishwe hospitali, nilikusikia, binti, ukimtuma wifi yako amwambie mumewe kwamba atakaloamua ni sawa, na jibu likarudi kwa mdomo ule ule, kwamba dada atakaloamua ni sawa. Kila mmoja anaogopa kuwa ndiye atakayeniua. Nimelala hapa, mama wa watoto wawili, na hakuna wa kunibishania.

Nawaondolea mzigo huo: siendi popote. Nimeamua mimi, na nitakufa kwa maradhi yangu, si kwa mkono wa mtu.

Hapana, binti, usiniambie nipumzike. Nipe maji kwanza. Yanatosha.

Jambo moja nimeliacha makusudi bila kuliamua: nizikwe kando ya baba yenu, au kule alikolala mama yangu. Najua hamtakubaliana. Msimtume mtu katikati. Lizungumzeni humu, sasa, nikiwa bado nasikia, maana sauti zenu mbili sijazisikia chumba kimoja tangu... tangu siku ile.

Mungu awatunze. Awape watoto wabishi, wasiokimbiana. Radhi yangu mnayo, nyote, kwa kipimo kimoja.

Mkono huu ni wa nani? Mdogo... umekuwa mkubwa. Anza wewe. Dada yako atataka niwe kwa baba yenu. Mwambie hapana. Taratibu, mwambie hapana... halafu usiondoke.