Mama Kibanio na Somo la Nusu Saa

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, Mama Kibanio atakabidhi funguo za ukumbi wetu wa mazoezi na kustaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Katika miaka hiyo amefanya kazi chini ya mameneja saba, amevaa sare za rangi nne, na amechelewa kazini mara moja tu, siku mwanawe wa mwisho alipofunga ndoa. Hata siku hiyo alipiga simu saa kumi na mbili asubuhi kutukumbusha kufuta mashine.

Aliniomba nisiandike wasifu mrefu. Hofu yake ni kwamba watu watasimama kuusoma ubaoni na kuziba njia. Nitajitahidi, ingawa wanaonijua kama karani wa mapokezi wanafahamu kwamba kufupisha maneno si kipaji changu.

Alianza kama mfagizi. Wakati huo ukumbi ulikuwa na vyuma vya kunyanyua, mikeka sita na baiskeli mbili zisizokwenda popote. Miaka kumi na minane iliyopita ikaletwa mashine ya kwanza ya kukimbilia, ndani ya sanduku pana kuliko mlango, ikabidi mlango ung'olewe. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kwa lugha ambayo hapakuwa na wa kuisoma, tukabaki na picha. Sisi wengine tuliangalia picha ya mtu anayekimbia, tukaridhika. Yeye, fagio mkononi, aliangalia picha ya mtu aliyeanguka, akauliza huyu amefanyaje mpaka akafika huko chini. Tukacheka. Akaomba kitabu, akalala nacho wiki nzima, na alipokirudisha alikuwa akiijua mashine ile kuliko fundi aliyeifunga.

Swali lake lilikuja kujibiwa na mimi, tena kwa vitendo. Mchana mmoja mtu alishuka bila kuizima, mkanda ukabaki unazunguka kimyakimya. Nikapanda kama apandaye ngazi za kwake. Kukimbia sikukumbuki. Ninachokumbuka ni kikapu cha taulo, maana ndimo nilimoishia, miguu juu. Mama Kibanio alizima mashine, akanikagua magoti, kisha akaniuliza kwa upole kama najua jinsi ya kuisimamisha. Nikamwambia sijui. Akasema basi hukuwa na kazi huko juu.

Ndivyo lilivyozaliwa Somo la Nusu Saa, naye akaacha fagio akawa mwalimu wake, na kwa unyenyekevu naomba magoti yangu yatajwe miongoni mwa waasisi.

Kwa wageni: hapa kwetu hakuna anayetembea juu ya mashine ile kabla hajajua kuisimamisha. Mgeni anaanza kwa kufunga kamba za viatu mbele ya mwalimu. Anasimama kwenye kingo mbili za pembeni, mguu huku na mguu huku, mkanda ukiwa umelala katikati. Anabana kwenye nguo yake kile kibanio chekundu chenye kamba, ambacho kikichomoka mashine inajizima yenyewe. Hapo tu ndipo mkanda unawashwa, kwa kasi ya kobe, na kazi ya kwanza ni kuusimamisha: kwa kitufe, kwa kibanio, kisha kwa kitufe tena macho yakiwa mbele. Baada ya hapo anaruhusiwa kutembea dakika tano, bila simu na bila kuchungulia miguu yake kana kwamba itaibiwa. Anashuka mkanda ukiwa umetulia kabisa. Akifaulu, kadi yake inabandikwa utepe wa kijani.

Watu walilalamika, na jina la Mama Kibanio lilianza kama dhihaka ya waliokuwa na haraka. Dereva mmoja wa lori alimwambia ameendesha magurudumu kumi na manane tangu ujana wake, hawezi kutishwa na kipande cha mpira. Mama Kibanio alimjibu kwamba anaamini hata hilo lori alionyeshwa breki kabla ya kupewa ufunguo. Dereva akainama kufunga kamba za viatu.

Malalamiko yaliyokuwa na uzito yalitoka juu zaidi. Mwaka juzi Meneja wetu wa sasa, ambaye ni muungwana na ninatumaini atabaki hivyo akimaliza kusoma aya hii, aliona foleni ya jioni na kuamua somo liwe la hiari. Mama Kibanio alimwambia kwamba kwa masharti hayo yeye anarudi kwenye ufagizi, kwa kuwa fagio halijawahi kumrusha mtu. Meneja akasema sawa. Barua ya kumrudisha niliichapa mimi mwenyewe, kwa vidole viwili, polepole kuliko kawaida yangu.

Kabla haijasainiwa, Meneja alimleta mama mkwe wake, fundi cherehani mstaafu ambaye daktari alikuwa amemwandikia kutembea kila siku baada ya kuugua moyo. Kwa heshima ya ukwe hakutaka asubiri. Akaiwasha mashine mwenyewe na kumwambia apande tu, hakuna neno. Mama Kibanio akanyoosha mkono, akaizima. Ukumbi mzima ukapata shughuli ya kufuta jasho.

Yule bibi akamwuliza mkwewe inasimamishwaje. Meneja akaiwasha tena na kubonyeza kitufe kimoja kwa kujiamini. Mkanda mtupu ukaongeza kasi.

"Baba," bibi akasema, "wanafunzi wangu walijua kusimamisha cherehani kabla sijawapa kitambaa. Niache nifundishwe na mwenye kazi yake."

Alifundishwa nusu saa kamili. Barua ilibaki kwenye droo yangu, na somo likabaki la lazima. Wiki iliyofuata Meneja naye alisoma somo, akafaulu kwa jaribio la pili, jambo ambalo mimi sina haki ya kulicheka.

Hata hivyo, somo lilibaki likimtegemea mtu mmoja, na mwezi Aprili Meneja aliliweka wazi: Mama Kibanio akiondoka, litaendelea iwapo tu ataacha mtu aliyempima na kumpitisha. Asipopatikana, tutabandika bango ukutani na kila mtu ajisomee. Sote tunajua jinsi tunavyosoma mabango. Makocha wetu vijana walisema kusimama na mgeni asiyejua kufunga viatu si kazi ya wenye misuli. Mimi misuli sina, nikajitokeza.

Alinipima na kunikataa mara mbili. Mara ya kwanza alisema naongea mpaka mgeni anasahau yuko wapi. Mara ya pili mgeni alinitania kwa kikapu cha taulo, nikacheka, nikaacha kumtazama mikono. Mama Kibanio alisema nafasi imebaki moja, na kwamba hatanionea huruma kwa sababu ya ukongwe wangu kazini.

Jumanne iliyopita nilikuwa nikimwandaa mwalimu mmoja wa hesabu, mgeni kabisa, Meneja akiwa mlangoni. Mama Kibanio akaingia akiwa amevaa nguo za kurudia nyumbani, malapa miguuni, mkoba begani. Akatupita, akapanda mashine ya jirani, akasimama katikati ya mkanda na kusema amechoka, anataka kunyoosha miguu dakika mbili tu, mambo ya somo anayajua. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuwashia.

Ni mkubwa wangu kwa umri. Kila ninachokijua kuhusu mashine ile alinifundisha yeye, na mbele ya watu mkubwa haamrishwi. Niliweka kiganja changu juu ya kitufe.

"Mama, samahani. Shuka."

"Unaniambia mimi, Karani?"

"Wewe. Kavae viatu, halafu usubiri zamu. Huyu mwalimu ametangulia."

Akautazama mkono wangu wenye miaka kumi na tisa ya mapokezi. Kisha akashuka, akaenda kubadilisha malapa, akarudi na kukaa kwenye benchi nyuma ya mwalimu wa hesabu. Zamu yake ilipofika alisoma somo zima, dakika thelathini, bila kunisaidia hata neno. Alipomaliza alimgeukia Meneja na kumwambia kwamba bango halitahitajika.

Mama Kibanio, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa maelfu ya watu walioingia hapa wakiwa na haraka na kutoka kwa miguu yao wenyewe. Uwe na afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wasikivu kuliko sisi. Maisha mema tunakutakia kwa moyo mmoja. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kuna wageni wanne, na somo litaanza kwa wakati.