Kompresa ya Shemeji

Benchi la kijiwe liko mbele ya karakana ya tairi, na asubuhi hiyo watu wake walikunywa kahawa wakipiga kelele kama wamegombana, maana kompresa, ile mashine ya kujaza upepo, ilikuwa inaunguruma ubavuni mwao. Pancha, mwenye karakana, kikombe chake hakukigusa. Kidirisha cha mashine cha kuangalizia oili kilikuwa kitupu, hata kwenye nukta nyekundu ya kiwango cha chini hakuna kitu. Na mashine yenyewe ya kuazima: ya shemeji yake, kaka wa mkewe, anayekuja kuichukua leo hii.

— Oili ulitia lini? akauliza Saruji, fundi mwashi.

— Juzi... au wiki ile. Sikumbuki, ndugu yangu.

— Basi ipo. Akiba haiozi. Imejificha tu huko chini.

— Ijifiche, imeiba? akadakia Redio, kinyozi asiyekosa jibu. Oili inageuka upepo, inaingia kwenye tairi. Magari yote ya mtaa huu yanatembelea oili yako!

— Mbona zamani haikugeuka?

— Ilikuwa haijazoea.

Pancha akainamia tena kidirisha. Harufu ya kuungua ikampiga puani.

— Jamani, inanuka!

— Woga huo, Redio akasema. Mashine inamjua mwenyewe. Imesikia anakuja, inadeka.

— Niizime?

— Thubutu! Saruji akamdaka mkono. Ukiizima ina moto hivyo, haiwaki tena. Shemeji utamwambia nini? Subira yavuta heri.

Pancha akakaa. Hicho ndicho kilichomnyima usingizi: mashine isiwake, halafu mkewe aulizwe na kaka yake kaolewa na mtu gani.

Akaja mama mmoja anasukuma toroli, tairi limeisha upepo. Aliwakuta wote watatu wamekikodolea macho kile kidirisha.

— Mnatafuta nini, kaka zangu?

— Oili, mama.

— Si huangaliwa mashine imezimwa, oili ikatulia?

— Tunaogopa kuizima, Pancha akasema. Huenda isiwake.

— Haya. Na ikijizima yenyewe, ndiyo itawaka?

Pancha aliruka, lakini kabla mkono haujafika kwenye swichi kompresa ikakohoa, ikagonga mara moja kwa ndani, ikanyamaza.

Simu ya Pancha ikaita. Alikuwa mkewe: kaka yake yuko njiani.