Asitoke Mezani Peke Yake

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Mheshimiwa Daktari, mgeni wetu rasmi. Bwana Mkurugenzi wa karakana. Mwalimu wetu wa huduma ya kwanza. Mafundi kumi na wawili mnaohitimu leo. Mpishi na wenzako wa jikoni. Ndugu, jamaa na marafiki: nawasalimu nyote, mliokaa na mliosimama kule nyuma.

Mimi si msemaji. Nimezoea kuzungumza na cherehani yangu, ambayo hainijibu. Bwana Mkurugenzi aliponiomba nifunue bango jipya na kusema maneno mawili matatu, nilimwambia atafute mtu mwingine. Akasema, "Mama, bango umeliandika wewe. Nani mwingine?" Basi nimesimama. Nikikwama katikati, nivumilieni.

Wengi wenu mlimjua mume wangu kwa jina la Fundi Rula, kwa sababu ya ile rula ya chuma iliyokaa kwenye mfuko wa shati lake. Mnadhani aliiacha hapa jioni? Hata nyumbani, kabla ya kukata mkate, alipima. Nikimcheka ananiambia, "Mke wangu, nina watoto wawili. Kipande kimoja kikizidi milimita tatu, hiyo ni kesi." Rula yenyewe ninayo hapa mkobani.

Miaka miwili iliyopita, siku kama ya leo, alikuwa ndani ya chumba hiki hiki, meza ile ya dirishani, anakula chakula cha mchana. Kipande cha nyama kikamkwama kooni. Hakukohoa, maana hewa haikupita. Hakuita mtu, kwa sababu hiyo hiyo. Aliinuka, akafunika mdomo kwa kiganja, akawapungia wenzake mkono kama anayewaambia endeleeni kula, akatoka kwenda msalani, nyuma ya stoo ya mbao. Hakutaka kuwaharibia wenzake chakula. Ni nani kati yetu hakulelewa hivyo? Ni nani hakuambiwa na mama yake, ukipaliwa geuka pembeni, toka nje, watu wanakula? Walipokwenda kumtafuta, walichelewa.

Na ukutani, juu kidogo ya kiti chake, kulikuwa na bango. Lilikuja siku moja na mashine ya kuranda, likatundikwa, likapigwa na vumbi la mbao mpaka picha zikafifia. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, na juu kabisa neno moja kwa herufi nyekundu: choking. Mume wangu alikula chini ya neno hilo kwa miaka sita. Aliwahi kuniambia kwamba hilo ndilo jina la kampuni iliyotengeneza mashine.

Baada ya mazishi nililiomba bango lile, nikaenda nalo nyumbani. Nikachukua kamusi ya shule ya binti yangu, iliyokwisha kung'oka jalada, nikatafuta. Nikakuta kupaliwa. Kukabwa koo. Kusakamwa na kitu. Kukosa pumzi. Nikadhani yameisha, kumbe bado: bomba kuziba, injini kuzimika kwa kukosa hewa, magugu kuisonga mimea. Mwisho kabisa palikuwa na maana moja ndogo: kushindwa kusema kwa sababu ya uchungu. Hapo nikafunga kamusi. Hiyo sikuhitaji kuelezwa.

Lakini nilijiuliza: mtu akibakiwa na dakika chache za uhai, jirani yake atalijua lipi kati ya maneno yote hayo? Nikaanza kuwauliza wateja wangu wanaokuja kupimwa nguo. Mmoja alisema, kwetu tunasema kapaliwa. Mwingine, kakabwa. Mwingine, kasakamwa. Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, mimi sisemi kitu, nampa maji." Mwalimu wetu ametufundisha kwamba maji si dawa ya koo lililoziba. Kwa hiyo maneno yote ya watu nimeyaandika, kila mtu alikute lake, na mwanangu akachora picha, mistari yake yote imenyooka kwa rula ya baba yake.

Sasa naomba niseme jambo moja ambalo si la bango.

Mume wangu alipokuwa anatoka mlangoni siku ile, rafiki yake, fundi rangi mnayemwita Redio, alimpigia kelele: "Rula, unakimbia zamu ya kuosha vyombo!" Watu wakacheka. Ulikuwa utani wa kila siku, na mume wangu angekuwa mzima angemjibu. Tangu hapo Redio alizimika. Kila Jumapili alikuja kwangu, akatengeneza bawaba, akatengeneza kiti, akaondoka bila neno. Siku moja, nyundo mkononi, akasema, "Shemeji, mimi ndiye niliyemcheka." Nikamwambia, "Na mimi, shemeji, ndiye ninayewafundisha wanangu kutoka mezani wakipaliwa. Sasa tukae tulie, au twende tukasome?" Kesho yake alijiandikisha kusomea huduma ya kwanza, wa kwanza kwenye orodha.

Mwezi uliopita mnajua kilichotokea. Mtunza stoo wetu, anayekula kama mtu anayewahi basi, aliinuka ghafla, mkono mdomoni, akaelekea mlangoni. Redio akauziba mlango kwa mwili wake. "Hutoki! Umepaliwa?" Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Redio akamwinamisha, akampiga kati ya mabega mara tano. Wapi. Akamzunguka nyuma, akaweka ngumi juu ya kitovu, akavuta kwa ndani na juu. Mara ya tatu kipande kiliruka hadi kwenye sahani ya mhasibu. Maneno ya kwanza ya mtunza stoo yalikuwa, "Redio, umenivunja mbavu!" Naye akamjibu, "Zitapona. Wewe pumua."

Naambiwa kuanzia siku hiyo Redio anaongea tena tangu asubuhi hadi jioni, na wengine mmeanza kulalamika. Mimi silalamiki.

Shemeji, njoo hapa mbele. Cheti utapewa na Mheshimiwa Daktari. Mimi nakupa hii rula. Iweke mfukoni, pale pale alipoiweka yeye.

Mheshimiwa, nakushukuru kwa kuja. Bwana Mkurugenzi, mwalimu, nawashukuru kwa saa zile za kazi mlizozitoa ili watu hawa wasome. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu.

Bango ni hili. Ombi langu ni dogo. Mtu yeyote akiinuka mezani amefunika mdomo, mkumbukeni mume wangu, mkainuke naye.