Wanachama Wasiokuwepo

Kijiwe cha kahawa pale sokoni Mpanda hakikosi maneno, lakini asubuhi ile maneno yalimkaa Mwandu rohoni. Alikuwa ameshusha madebe kumi na tisa ya asali kutoka Ugalla, msimu mzima wa kukwea miti yenye mizinga na kuumwa na nyuki. Mchana ule chama cha wafuga nyuki kingempimia, na hesabu ingefanywa na kompyuta, ile iliyoletwa mwaka huo wa tisini na saba. Hapo Rehani, ambaye wote humwita Redio, akakunjua karatasi aliyoiokota nje ya ofisi ya chama.

— Someni wenyewe. Mwanachama wa Kwanza, debe tupu, asali sifuri, sawa. Mwanachama wa Pili, kilo mia, sawa. Nani anawajua hawa?

— Hewa hao, akasema Isidori, karani aliyefanya hesabu hizo kwa kalamu miaka kumi na minne. Siku ya uchaguzi utawaona wanapiga kura.

— Feisal, fundi wa kompyuta, aliniambia ni jaribio, Mwandu akasema. Ni watu wa uongo, majibu yao keshayapigia hesabu kwa mkono. Kila akigusa programu, mashine inawapima wote upya yenyewe. Ikimkosea mmoja, haigusi asali ya mtu wa kweli mpaka irekebishwe.

— Ndiyo hapo! Redio akajipiga pajani. Jibu analo, anauliza la nini? Anaifundisha kusema anachotaka yeye!

— Na debe tupu? Isidori akadakia. Mtu mzima na akili zake apime debe tupu? Leo sifuri ya mchezo, kesho sifuri yako, Mwandu.

— Juzi kaipa debe la kilo hasi, Redio akazidisha. Hasi! Nyie, hiyo si asali tena, hao ni nyuki wanaokufuata mpaka kitandani.

Mwandu aliingiwa na hofu, wala hakuificha. Akasimama.

— Basi mimi sitaki mashine. Isidori, utanipigia hesabu wewe kwa kalamu, kama miaka yote.

Pembeni alikuwa amesimama Goreth, mama wa Ilembo aliyeleta asali kwa mara ya kwanza, akisubiri kikombe chake.

— Shikamooni, baba zangu. Naomba kuuliza. Hesabu za karani nazo mlikuwa mnazijaribu vipi?

Redio akamtazama Isidori. Mwandu naye akamgeukia karani, misimu kumi na minne ikimpita kichwani mmoja mmoja.

— Isidori, nijibu.

— Kahawa imepoa, akasema Isidori.