Kisima Kilichochimbwa kwenye Karatasi

Fungeni mlango huo, na dirisha la upande wa barabara pia, kisha kaeni hapo chini ya kalenda niwaone wote watatu kwa pamoja, maana macho yangu siku hizi hayawezi kumfuata mtu anayezungukazunguka chumbani. Wewe dereva, zima simu. Usiilaze kifudifudi, izime. Wewe mwalimu, acha kunitazama kana kwamba unasahihisha mtihani. Na wewe binti yangu mkubwa, weka chini hilo bakuli, sitakula sasa; nikila nitasinzia, na nikisinzia katika nyumba hii mambo hufanyika.

Msidhani nimechanganyikiwa. Nilimsikia daktari akiwanong'oneza kwamba dawa zitanifanya niseme ovyo. Nitakayosema leo si ya dawa, nimeyabeba tangu wewe dereva unatambaa, na nisipoyatua leo nitaondoka nayo, nanyi mtabaki mkigombania nyumba ambayo hamjui imesimama juu ya nini.

Tangu Jumanne kidole gumba changu cha kushoto kina wino. Siku hiyo nilimeza vidonge baada ya chakula cha mchana, nikalala kama gogo, na nilipoamka jua likishuka mkono wangu ulikuwa unanukia mafuta ya kujipaka. Mtu alikuwa ameusugua vizuri, lakini wino wa muhuri haukubali kutoka kwenye pembe ya ukucha. Nimeishi na grisi miaka yote, wanangu, najua uchafu unapojificha. Basi mtu alinishika mkono nikiwa usingizini akanipigisha dole gumba kwenye karatasi, na mchana huo ninyi wote watatu mlikuwa hapa, na mgeni wetu mwenye maneno matamu alikuwa hapa pia.

Mnamwita baba mkubwa. Mimi namwita Bwana Karibuni, jina tulilompa kazini, kwa sababu hata alipokuwa anakufukuza ofisini kwake alisema karibu sana. Alikuwa mkuu wa hifadhi, mimi nilikuwa fundi wa pampu. Tangu niugue amekuja mara sita, na matunda, na blanketi hili ninalojifunika, mtu ambaye miaka kumi na minane hakukumbuka hata kuniuliza hali. Nilijiuliza, huyu amenipenda lini? Mara ya tatu akatoa karatasi kwenye bahasha: "Fundi mwenzangu, weka kidole tu hapa, ni mambo ya zamani, tunasafisha faili." Nikajifanya nina usingizi. Mara ya nne nikajifanya sisikii. Mara ya tano alikaa nje na mmoja wenu muda mrefu, nikasikia sauti lakini sikusikia maneno. Mara ya sita ndiyo hiyo Jumanne.

Sasa tegeni masikio niwaambie karatasi ile ilitaka nini.

Hifadhi yetu ilikuwa na kisima kimoja cha kunyweshea wanyama wakati wa kiangazi. Kimoja. Nilikiwasha mimi alfajiri, nikakizima jioni, na kila siku niliandika kwenye daftari: saa za kupampu, dizeli iliyoingia, dizeli iliyobaki. Lakini serikali ilikuwa ikitoa fedha za visima viwili kila mwaka, kwa sababu kwenye makaratasi kulikuwa na Kisima cha Pili, huko kaskazini kwenye mchanga, chenye pampu, hodhi, uzio, na mapipa yake ya dizeli. Mimi nilifika kaskazini. Kulikuwa na kibao. Kibao kizuri, kimepakwa rangi ya kijani, KISIMA CHA PILI, na nyuma yake hakuna kitu isipokuwa mchanga na mavi makavu ya nyati.

Mwaka wa kwanza Bwana Karibuni aliniletea fomu akaniambia nitie sahihi kwamba naviangalia vyote viwili. Nikamuuliza, "Mkuu, hicho kingine kiko wapi?" Akacheka, akasema, "Kinakuja. Fedha hutangulia, kisima hufuata." Nikatia sahihi. Mwaka wa pili sikuuliza. Mwaka wa tatu aliniita akanionyesha kiwanja, hiki hapa mlipokaa, akasema ni shukrani ya ofisi kwa mfanyakazi mwaminifu, na wiki hiyohiyo vibarua wawili wakaling'oa jiwe la mpaka wa hifadhi wakalisogeza hatua sabini kuelekea porini. Nilizihesabu. Nilisimama nikizihesabu huku nikifikiria vyumba vitatu, bati la bluu na mahali pa kuweka tangi.

Mama yenu hakuipenda nyumba hii, na ninyi mkadhani ni ukaidi wake tu. Mmewahi kumsikia akisema nyumbani? Alisema "kule kiwanjani". Hata siku ya mwisho, tulipomtoa hospitali, aliniuliza, "Unanirudisha kule kiwanjani?" Mimi nilijibu ndiyo, nikageuka nikatazama nje ya gari.

Nilitia sahihi miaka tisa. Mwaka wa tisa mvua haikuja, na wanyama wote wa kaskazini wakashuka kwangu, kwa sababu mnyama hasomi kibao. Dizeli ya visima viwili ilikuwa imelipiwa, iliyonifikia haikutosha hata kisima kimoja. Ikaisha. Siku kumi na moja niliandika neno moja kwenye daftari: hakuna. Tembo walisimama mbele ya hodhi kavu wakipapasa saruji kwa mikonga, nami niko ndani ya kibanda cha mtambo, siwezi kutoka, siwezi kuwasha, nawatazama kupitia tundu la bomba la moshi. Nyati walianza kulala chini siku ya sita. Nyati akilala chini kwa kiu namna hiyo, haamki. Upepo ulipogeuka, harufu ilifika mpaka hapa, na mama yenu akafunga madirisha.

Habari zikafika mjini, wakaja wakaguzi wawili kuuliza fedha za serikali zimekwenda wapi. Siku mbili kabla yao Bwana Karibuni alikuwa amechimbisha shimo nyuma ya kile kibao, akatupa humo mabomba mawili yaliyopinda na kipande cha uzio. Akatupeleka wote pale, akawaambia wakaguzi kisima kilikuwepo, kimehujumiwa, mitambo imeng'olewa ikauzwa pamoja na dizeli. Na aliyekuwa na ufunguo wa vifaa ni nani? Mtunza stoo. Mwanamke mwenye watoto wawili, rafiki wa mama yenu, ambaye hakuwahi kunipa hata msumari bila kuniandikisha.

Mkaguzi akanigeukia. "Wewe ndiye fundi. Kilikuwepo?"

Nikasema, "Kilikuwepo."

Yule mama hakupiga kelele. Alinisogelea akasema, "Fundi, sema tena nisikie vizuri."

Nikasema tena.

Alikaa mahabusu miezi minane, kazi ikaenda, na alipotoka alihamia upande wa pili wa mji, akaanza kushona sare za shule. Sare ulizovaa wewe mwalimu alizishona yeye. Mama yenu ndiye aliyekuwa akimpelekea kitambaa, kwa siri, akidhani mimi sijui. Nilijua. Nilinyamaza, kwani nilijizoesha kunyamaza mpaka nikawa bingwa.

Sasa mmesikia redio. Serikali imetenga fungu kubwa la kufufua hifadhi, mipaka itapimwa upya, na visima vya zamani vitakarabatiwa. Na nani ana kampuni ya kuchimba visima? Bwana Karibuni. Anataka alipwe kukarabati kisima ambacho hakijawahi kuwa na hata tone la maji, na ili alipwe anahitaji mtu mmoja aliye hai aseme kilikuwepo. Ndiyo mapenzi yote hayo. Ndiyo matunda. Hata blanketi hili, hebu livuteni kidogo, linanichoma.

Basi nilipouona wino nilianza kuwachunguza. Nisameheni, lakini nimefanya kazi na watu wa kutia sahihi, siwezi kumwamini mtu kwa sababu ananiita baba. Nilikushuku wewe dereva kwanza, kwa kuwa unaendesha gari la ofisi ileile, na Jumatano ulinijia na viatu vipya. Nikakuuliza umevipata wapi, ukakasirika, nikasema moyoni, ndiye huyu. Kisha nikakushuku wewe mwalimu, kwa kuwa uliuliza hati ya kiwanja iko wapi kabla hujauliza kama nimelala vizuri. Nimekaa siku nne kwenye kitanda hiki nikihesabu nyayo zenu kwenye korido, nikijifanya nimelala, nikisikiliza nani anashusha sauti.

Na kumbe jibu lilikuwa chini yangu. Shuka. Katika nyumba hii shuka hubadilishwa Jumamosi, tangu enzi za mama yenu. Jumatano asubuhi niliamka juu ya shuka safi; kwa nini, kama ile nyingine haikudondokewa na wino? Anayenigeuza, anayeniosha, anayejua nikimeza vidonge vile nalala saa ngapi, ni mmoja tu.

Usilie, binti yangu mkubwa. Kaa hapohapo, usitoke nje. Na ninyi wawili msimtazame hivyo. Dereva, nimesema kaa! Najua Bwana Karibuni alikuambia nini: karatasi isipopatikana hatatutetea, wapimaji watalirudisha jiwe la mpaka, na wewe na watoto wako mtalala wapi? Nawe huna mume wala nyumba nyingine, umeacha biashara yako sokoni ukaja kunifuta mate. Ulinishika mkono kwa sababu ileile iliyonifanya nitie sahihi. Nilitaka vyumba vitatu na bati la bluu. Siwezi kukulaani kwa tabia niliyokurithisha mwenyewe, na asiwepo humu ndani mtu wa kukulaani baada yangu. Hiyo ndiyo amri yangu ya kwanza.

Ila karatasi ile haitamsaidia Bwana Karibuni. Mwezi uliopita, siku mliyoambiwa nimekwenda kliniki, sikwenda kliniki. Nilipanda pikipiki mpaka kwa yule mama. Nilimkuta kwenye cherehani yake, miwani puani, akasema, "Umezeeka vibaya, Fundi." Nikapiga magoti, magoti haya, nikamkabidhi madaftari yote tisa ya pampu. Tukaenda pamoja kwa mwanasheria, nikaeleza kila kitu, nikatia sahihi kwa mkono wangu nikiwa macho, tarehe ikaandikwa, mashahidi wawili. Mpaka leo yote yameshafika kwenye kamati inayosimamia lile fungu la hifadhi. Nilipomwomba msamaha alifungua daftari moja, akasoma zile siku kumi na moja, akalifunga. Akasema, "Daftari nachukua. Hilo lingine, usinisukume." Basi msimsukume. Msiende kumwomba kwa niaba yangu, wala msiseme kwenye mazishi kwamba tulipatana. Hatukupatana. Akija, mpeni kiti cha mbele. Asipokuja, msiulize.

Hebu niinueni kidogo. Hapo. Kifua kinabana.

Nyumba. Ardhi si yetu, wala haikuwahi kuwa yangu ya kuwaachia. Msingoje kufukuzwa na askari mbele ya majirani. Ezueni bati, ng'oeni milango na madirisha na tangi, hivyo vilinunuliwa kwa mshahara wangu wa halali, risiti zipo kwenye sanduku la viatu. Vyote ni vya binti yangu mkubwa, aanzie maisha. Ndiyo, vyote, mwalimu, usigune. Wewe una mshahara. Kwenye kile kiwanja kidogo cha mama yenu, alichoachiwa na shangazi yake kule ng'ambo ya mto, mjengeeni dada yenu vyumba viwili, ninyi wawili mchange. Vyombo vyangu vya kazi ni vya dereva. Spana kubwa ina nembo ya serikali. Irudishe, mwambie mtunza stoo wa sasa akuandikishe, usikubali aipokee hivihivi.

Na wapimaji wakija, msijifungie ndani. Watoleeni viti, wapeni maji ya kunywa. Binti yangu mkubwa, wewe ndiye utakayewaongoza hadi lilipokuwa jiwe la mpaka, si dereva, si mwalimu. Ni hatua sabini. Utahesabu kwa sauti, wakusikie.

Bwana Karibuni akirudi leo, mrudishieni blanketi lake limekunjwa vizuri. Mwambieni karibu sana.

Msinizike hapa. Nizikeni kwenye makaburi ya manispaa, karibu na mama yenu, lakini... mniache nafasi kidogo, asije akasema nimemfuata bila kualikwa.

Sogeeni. Sauti inaniishia. Dereva, vile viatu... ulivinunua kwa jasho lako, nimeuliza. Vinakupendeza. Mwalimu, wafundishe watoto wa watu kusema... kusema sijaona, kama hawakuona. Mkubwa, umenitunza. Hilo linabaki pale pale, halifutiki.

Mungu awape usingizi, wanangu. Mimi sikuwa nao. Awape mlango usiohitaji kufungwa mkiongea. Awalinde msije mkaishi kama nilivyoishi, nikitega sikio... nyumbani kwangu mwenyewe.

Mikono yenu iko wapi? Macho hayaoni tena. Huu ulionishika... huu ni wa nani?

Hapana. Msiniambie. Uacheni hapohapo.