Swali la Maigizo, Jibu la Kweli

Wapendwa, ahsanteni kwa kunipa nafasi. Nitasema taratibu. Nikinyamaza mnivumilie, nitaendelea.

Miaka ile viwanda vya umma vilipoanza kuuzwa, mume wangu alipunguzwa kazi, akaenda Mererani kuchimba madini. Shimo likaporomoka, hakupatikana. Kwetu Maji ya Chai mtu huzikwa nyumbani, penye migomba yake. Mimi sikuwa na wa kumzika.

Msimu wa baridi ukafika. Ukungu wa Mlima Meru ukishuka asubuhi, nikawa nasikia hodi. Naitikia karibu, nafungua, hakuna mtu. Migomba tu inadondosha maji. Ndugu zangu, nawaambia, nilizoea. Kilichonitisha ni siku niliyotambua kwamba sauti ile si ya mume wangu. Ilikuwa yangu. Mimi niko ndani, na mimi huyo huyo niko nje, napiga hodi.

Tangu hapo nikaamua kufa, nikatulia kama msafiri aliyekwisha kufunga mizigo. Darasani watoto wakicheka, niliwasikia kama wako ng'ambo ya mto. Nikampa jirani kuku wangu wote.

"Mwalimu, unahamia wapi?" akanitania. "Au umepata mchumba asiyekula kuku?"

Nikacheka naye.

Wiki hiyo mwalimu mkuu akanituma mtaa wa Sakina, kwenye semina ya kuwasaidia wanafunzi wanaotaka kujiua. "Nenda wewe," alisema, "wewe umetulia."

Ukumbini hakuna aliyelitamka neno lenyewe. Tulisema "lile jambo", maana tumelelewa kuamini kwamba ukilitaja, umeliita. Mwezeshaji akatueleza kwa upole: swali halipandi wazo, linampa mtu mahali pa kutua mzigo. Akatupanga wawili wawili tuigize. Mwenzangu alikuwa mwalimu mzee wa Elerai, Mchaga mcheshi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo wewe ni mwanafunzi, na kiboko nimekiacha nyumbani." Kisha akaacha utani. "Mwanangu, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo."

"Ahaa, unaigiza vizuri."

Niliinamisha macho. Akanitazama usoni.

"Mama, hilo si la kuigiza?"

"Si la kuigiza."

Hakunihubiria, wala hakuniambia nijikaze. Alisema, "Basi leo hurudi nyumbani peke yako." Akanipeleka kwa mkewe, na kesho yake wote wawili wakanisindikiza hospitali, kisha nikakaa kwao. Hodi haikukoma mara moja, nisiwadanganye. Lakini sasa nilikuwa na wa kumuuliza, "Mama, umesikia?" Mkewe alikuwa akijibu, "Sijasikia, ila niko hapa." Ikafifia hivyo, kidogo kidogo, hadi siku moja nikagundua kwamba sijaisikia kwa muda mrefu.

Nawashukuru wazee wale, daktari, na jirani aliyenirudishia kuku pamoja na vifaranga.

Walimu wenzangu, nanyi wazazi, mtoto anayegawa vitu vyake, aliyetulia ghafla baada ya huzuni, muulizeni. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, mtafutieni msaada. Sasa kila mmoja amgeukie aliye karibu naye, alitamke swali lile kwa sauti, neno lenyewe. Naona mmeinamisha macho. Si kitu. Nitasubiri.