Sinia Elfu Moja Mia Mbili na Kumi na Tano

Mheshimiwa Diwani wetu, Sheikh Mohdhar uliyetufungulia kwa dua, wazazi, majirani wa Magongo, wageni mliotoka Port Reitz, na nyinyi wahitimu wangu kumi na wanane: Assalaam alaykum, na wenzetu wengine hamjambo.

Tulipoanza darasa hili la kompyuta tuliambiwa watu wa Changamwe ni wa kubeba mizigo, kompyuta ni za watu wa mjini, kule kisiwani. Tuliomba chumba, tukazungushwa. Tuliomba meza, tukapewa ahadi. Mheshimiwa, sikusemi wewe, lakini ahadi haiwekwi kompyuta juu yake. Mashine tatu kwa watu kumi na wanane ni sita kwa kila moja: mmoja anaandika, watano wanamkosoa. Na bado leo vijana hawa wanatengeneza kurasa za intaneti. Subira hiyo waliitoa wapi?

Wazazi, niwaambie wanachosoma watoto wenu. Kuna kitu tunakiita kigeu. Ni kama kopo la jikoni lililobandikwa jina. Leo lina ratili mbili za sukari, kesho nusu, jina ni lile lile. Lakini lazima kompyuta ijue ndani mna kitu cha aina gani: namba, maandishi, au jibu la kweli na si kweli. Namba ya simu, kwa mfano, tunaiweka kama maandishi. Ukiifanya namba, sifuri ya mbele inapotea. Na tena, nani kati yenu amewahi kujumlisha simu ya mjombake na ya shangaziye?

Juzi mpwa wangu alikuwa akioa, darasa likatengeneza ukurasa wa kukadiria sinia za biriani. Kwetu wanaume hula kwao na wanawake kwao, kwa hivyo wakaweka visanduku viwili. Sinia za wanaume, kumi na mbili. Za wanawake, kumi na tano. Bonyeza! Sinia elfu moja mia mbili na kumi na tano. Wakaichapa vivyo hivyo, wakampelekea mpishi, Bi Jumwa. Akaja mbio na mwiko mkononi.

"Mwalimu, mwaoza nani, wallahi? Mchele huu hata bandarini haupo!"

Wanafunzi wengine wakailaumu mashine. Mwanasaumu binti Jaffar akasema, "Mashine haina kosa, Bi Jumwa. Kilichoandikwa kwenye kisanduku inakichukua kama maandishi. Imeandika kumi na mbili, ikabandika kumi na tano ubavuni. Sisi hatukuiambia kuwa hizi ni namba."

Akaandika amri ya kuyageuza maandishi kuwa namba. Zikatoka ishirini na saba.

"Hizo naziweza," akasema Bi Jumwa. "Na huyu mwenye akili ni wa nani?"

Ni wako, Mzee Jaffar. Nawe uliniambia, "Asome mpaka cheti, kisha basi. Sitaki akae na vijana mpaka magharibi." Neno lako nimeliheshimu. Lakini mwalimu wetu wa kurasa anahamia Nairobi, na mimi ni mtu wa hesabu na kupiga chapa. Bila Mwanasaumu darasa hilo linafungwa, na wasichana kumi na mmoja waliotaka kuanza Jumatatu wanarudi makwao.

Basi nakuomba hivi: awafundishe yeye, wasichana peke yao, asubuhi, mke wangu Bi Barke ameketi nao humo ndani, na adhuhuri mwanao yuko kwako. Je, nimezidisha? Sitakuficha, nakuuliza mbele ya watu makusudi.

Wasemaje, Mzee?

Sema tena, nyuma hawakusikia. "Asubuhi tu, na Bi Barke asitoke." Sheikh, wewe ni shahidi! Inuka basi, Mzee wangu, umpe cheti chake kwa mkono wako.

Nawashukuru nyote kwa masikio na subira yenu. Na wewe Mwanasaumu, usilie, mwanangu; wanafunzi wako wamekaa pale nyuma, wanakutazama.